Pembe ya Kushoto ya Sabuni

Jumatatu, 4 Agosti

Kadibodi tena. Mwalimu Masatu anakata kipande cha boksi, anatoboa tundu katikati, anapitisha penseli. Kadibodi linafunika mkono na karatasi, unabaki unatazama kitu tu. Leo kitu chenyewe kilikuwa ndala yake. Nusu saa nzima tunakodolea macho ndala ya mtu mzima, kamba moja imeshonwa kwa uzi wa nailoni. "Mkono ufuate jicho," anasema. "Mkono ukiachiwa wenyewe unaongopaga."

Nilichungulia mara mbili. Nadhani aliniona.

Yangu ilitoka ndala safi, ya dukani. Ya Rehema ilitoka imepinda, kisigino kimeliwa upande mmoja. Mwalimu akaishika ile ya Rehema akakaa nayo muda mrefu. Yangu akasema tu, "Sawa." Siipendi hiyo sawa yake.

Halafu akatangaza. Mchapishaji mmoja wa Mwanza anataka picha za kitabu cha watoto wa darasa la pili. Hadithi ya ng'ombe aliyepotea, akarudishwa kwao kwa sababu mtu alitambua alama ya sikio lake. Tuko saba kwenye darasa hili la uchoraji hapa Musoma. Kila mmoja achore ukurasa mmoja wa majaribio, mwisho Ijumaa ya tarehe 22. Atachukuliwa mmoja, na jina lake litakaa kwenye jalada.

Ng'ombe, jamani. Wenzangu wote ni watoto wa mjini au wa ziwani. Rehema, baba yake ni fundi cherehani Bunda mjini, ng'ombe anamjua kwenye supu. Mimi nimekulia zizini, Butiama. Kitabu hiki ni changu. Nilivyotoka kila mtu alinitazama, wanajua.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemchora Sabuni. Ng'ombe wa kwetu, mwekundu, ana doa jeupe usoni kama povu ambalo halijasuuzwa. Jina nilimpa mimi nikiwa kidato cha kwanza. Alipozaliwa baba alisema, "Huyu ni wa Wakuru," yaani mimi. Alisema kwa utani, lakini mimi nililishika neno lake. Alama ya nyumbani kwetu iko pale pale: kata mbili kwenye sikio la kushoto. Pembe zote mbili juu. Mchoro wake wa kwanza nilichora kidato cha pili, ukabandikwa ofisini kwa mkuu wa shule mpaka ukafifia. Tangu hapo namchora bila picha ya simu, bila kufuta. Wengine wanahangaika na ng'ombe wa mtandaoni, wengine weupe kabisa, wamenona kama wa maonyesho.

Mwalimu alisimama nyuma yangu. "Huyu ng'ombe umemkariri," akasema, akaenda zake. Umemkariri, eti. Kukariri si ndiyo kujua? Nimekasirika mpaka sasa hivi naandika.

Kitu kingine. Sheria ya darasa ni kwamba madaftari ya michoro hayatoki, yanabaki kwenye rafu. Leo naondoka nimemkuta Rehema kasimama pale kwenye rafu. Kasema anatafuta kimkasi chake. Kimkasi chake kinaning'inia shingoni kwa utepe, siku zote. Akakigusa, akacheka. Mimi sikucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeweka uzi. Mmoja tu, nimeuchomoa kwenye pindo la kanga, kati ya ukurasa wa Sabuni na unaofuata, ncha imetokeza kidogo. Ujanja huu nimeupata kwa mama mwenye nyumba wangu hapa Kamunyonge. Hunitegea hivyo kwenye mfuko wake wa sukari, anadhani sijui.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Hakuna darasa mpaka Jumatatu. Rehema kapanda gari la Bunda asubuhi, kaenda kwao.

Mama kapiga. Kesho mahari ya kaka Wambura inapelekwa Bunda, kwa wakwe zake, wakulima wa pamba nje ya mji. Nilitaka kwenda. "Mahari ni ya wanaume, mama. Wewe soma. Utakuja kwenye harusi." Nikauliza wanakwenda ng'ombe gani. "Wazee wameshachagua," akasema, halafu chungu kinamwagika, atanipigia baadaye. Mama anapikia gesi siku hizi. Chungu kipi?

Hakupiga tena. Nimefua, nimenunua dagaa, nimechora miguu ya Sabuni tu, kurasa nne. Kwato zimenitii.

Jumanne, 12 Agosti

Uzi haupo.

Nimekung'uta daftari, nimetazama chini ya rafu. Haupo. Na leo hii hii Rehema kaleta mchoro wake. Ng'ombe mwekundu. Doa jeupe usoni. Kata mbili kwenye sikio la kushoto.

Nilipata joto masikioni. Nikasimama pale mezani kwake kama nimekuja kuomba ufutio. Ni Sabuni. Doa lile linashuka mpaka puani kwa pembeni, si katikati, na hakuna mtu anayelijua isipokuwa sisi wa nyumbani na aliyefungua daftari langu. Kitu kimoja tu kakigeuza: pembe ya kushoto kailaza chini, inakaribia shavu. Mjanja. Mwizi wa pikipiki naye hubadilisha namba.

Baraka, anayekaa dirishani, akamuuliza kamwona wapi. "Bunda, kwa wateja wa baba." Bunda ina ng'ombe wangapi? Hilo ni jibu la mtu asiye na jibu.

Kinachoniudhi zaidi, ni mzuri. Ile ngozi ya shingoni kaikunja kama kitambaa, unaona kabisa uzito wake. Mimi ngozi hiyo huwa naipiga mstari mmoja.

Alhamisi, 14 Agosti

Mwalimu katupeleka Nyegina kuchora mawe. Mawe makubwa yamepandana, mengine unashangaa yamekaaje. Kila mmoja na kadibodi lake. Mimi sikuchora jiwe, nilimchora Rehema jinsi anavyotazama. Hachungulii. Saa nzima macho yako kwenye jiwe. Nikajiambia anajionyesha kwa mwalimu.

Mchana akatoa chapati, akanikatia nusu. Nilikula. Njaa ni njaa. Lakini nilikuwa namtazama mikono.

Tukiwa tunakunja vitu Baraka akauliza mtu utajuaje kama mchoro umenakiliwa. Mwalimu akajibu huku anafunga mkoba. "Anayenakili ananakili mpaka makosa. Niliwahi kumkamata mmoja, kachora mkono wenye vidole sita kwa sababu wa mwenzake ulikuwa na sita." Wote wakacheka. Rehema naye alicheka. Nilimtazama meno.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nafikiria vidole sita.

Ijumaa, 15 Agosti

Mtego umewekwa. Nimechora Sabuni upya, mkubwa, ukurasa mzima, na kwenye sikio nimeweka kata tatu. Mbili za kweli, ya tatu ya uongo. Nikaacha daftari juu kabisa ya rafu, limefunguka. Nikamwambia Baraka kwa sauti, Rehema asikie, kwamba huu ndio mchoro wangu wa mwisho, umekamilika.

Najisikia vibaya kidogo kumharibu sikio. Nimemwomba radhi kimoyomoyo. Yule ng'ombe ana adabu kuliko watu.

Jumatatu, 18 Agosti

Rehema kaleta mchoro wa pili, safi, wa wino. Nimekimbilia sikio kabla ya salamu.

Kata mbili.

Nimekaa na hili siku nzima. Ningekuta tatu ningekuwa nimemaliza kazi. Mbili maana yake nini? Maana yake alishanakili mapema, kutoka kwenye michoro ya mwanzo, kabla ya mtego. Au kashtuka. Mtu asiye na hatia angeingia tu mtegoni. Huyu kaupita pembeni, basi alijua kuna mtego.

Nimeisoma tena hiyo sentensi. Inasimama.

Na pembe bado kailaza. Kaing'ang'ania pembe yake hiyo ya bandia.

Jumanne, 19 Agosti

Rehema kanijia wakati wa chai. "Wakuru, wewe unajua ng'ombe. Ng'ombe akihamia boma jipya, analia mpaka lini?"

Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. "Kuna mmoja nilimsikia. Alikuwa anatazama barabara, analia. Nilishindwa kumaliza kula."

Najua jibu, wiki mbili, wengine mwezi, ila sikumpa. Kachukua sura, kachukua doa, kachukua sikio, sasa anataka na kilio. Mwalimu alikuwa mlangoni anatusikiliza. Naye simwelewi. Tangu mwaka uanze anashika michoro ya Rehema kama anashika mayai. Labda kazi ya Mwanza wameshaipanga wawili hao, na sisi wengine tunasindikiza.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimesema.

Mwalimu alikuwa anakusanya kurasa za majaribio. Ilipofika ya Rehema nikasimama, nikafungua daftari langu, nikalilaza kando ya mchoro wake mbele ya darasa zima. Nikasema, huyu ni ng'ombe wa baba yangu, anaitwa Sabuni, na Rehema kamwiba kwenye daftari langu. Nikaonyesha doa. Nikaonyesha kata mbili kwenye michoro ya mwanzo. Nikaeleza habari za uzi. Sauti haikutetemeka. Nilikuwa nimeshaifanyia mazoezi bafuni.

Rehema kwanza alidhani natania. Halafu akasema, "Mimi simjui ng'ombe wako. Huyu nilimchora Bunda, nimesimama mbele yake." Nikamuuliza alama ya kwetu imefikaje Bunda. Akasema hajui. Nikamuuliza na pembe, mbona kaigeuza. "Sijaigeuza," akasema. "Ndivyo ilivyo."

Baraka akatazama nje. Mwalimu akachukua ukurasa wa Rehema akauweka kwenye droo ya meza yake, hakuufunga na za wengine. "Unakaa hapa mpaka nijue." Rehema akazungushia penseli zake kile kitambaa chake cha maua, akafunga fundo, akatoka. Hakulia. Nilitaka alie. Nilidhani akilia nitakuwa na uhakika.

Ijumaa, 22 Agosti

Rehema hajaja. Wanasema karudi kwao.

Kurasa sita ziko kwenye bahasha. Itapanda basi la Mwanza Jumatatu asubuhi. Ya kwangu iko juu. Mwalimu mwenyewe kasema huko Mwanza wataipenda, imenyooka. Nimshukuru Mungu. Nimenunua sato mzima kujipongeza na nimekula nusu tu. Mama mwenye nyumba kauliza kama naumwa. Kesho naenda nyumbani.

Jumamosi, 23 Agosti. Butiama

Sabuni hayupo.

Nilipitia zizini kabla ya kuingia ndani, kama kawaida yangu. Nikaita. Nikaangalia kila kona, zizi lenyewe si kubwa. Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Nikamuuliza Sabuni yuko wapi, akaendelea kuchambua. Punje zote nzuri, anazichambua tena.

"Amekwenda Bunda, mama. Na wenzake wa mahari."

Nikakaa chini hapo hapo.

"Tuliogopa kukuambia. Tulijua utapiga kelele. Na harusi ya kaka yako ilikuwa imeshafika."

Nilikuwa nataka kupiga kelele kweli. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Ila kitu kingine kilikuwa kinaingia kichwani polepole na sikukitaka. Bunda. Kwa wateja wa baba. Mahari ilikwenda Jumamosi ya tarehe 9. Rehema alikuwa Bunda tarehe 9.

Nikauliza wakwe wanashona wapi nguo za harusi. Mama akasema, kwa yule fundi Mwislamu karibu na stendi, ana binti anasoma Musoma huko huko kwenu, alifika kwa wakwe na baba yake kuwapima kina shangazi wa huko siku ile ile ng'ombe walipofika. Wambura kasema ni binti mpole. Alisahau hata kula, alikuwa anachora ng'ombe.

Baba akatoka ndani, kasikia. Aliniogopa, nilimwona. Akajaribu mzaha. "Wakwe nusura wamkatae kwa ajili ya ile pembe yake. Nikawaambia maziwa hayatoki kwenye pembe."

"Pembe gani?"

"Ile ya kushoto. Iliyolala."

Nikasema Sabuni hana pembe iliyolala. Wakatazamana, baba na mama, jinsi watu wanavyotazamana mbele ya mgonjwa. Mama akasema, "Ilianza kulala alipokuwa mtamba, kabla hajazaa. Wewe si ndiye ulikuwaga unamchunga likizo?"

Wambura katoa simu. Picha ya Krismasi. Mimi na Sabuni zizini. Nacheka, nimejisikia. Mkono wangu umeshika pembe ya kushoto, na pembe hiyo imelala chini mpaka karibu na shavu, na mimi nimeishika kama mtu anavyoshika kitasa.

Nimeishika kwa mkono wangu. Nikaenda Musoma nikamchora pembe zote zipo juu.

Jumapili, 24 Agosti

Sikulala vizuri. Asubuhi mama kaenda kanisani, mimi nimebaki na kale kamchoro ka kidato cha pili, mkuu wa shule alinirudishia nilipomaliza, mama kakatunza kwenye Biblia. Pembe zote juu. Ilikuwa kweli wakati ule, alikuwa ndama mkubwa tu. Nikatoa simu, nikapitia picha za madaftari yangu yote ya miaka hii miwili. Ni ng'ombe yule yule. Mguu ule ule wa mbele umetangulia. Mstari ule ule mmoja wa ngozi ya shingo. Sijawahi kumchora Sabuni tangu kidato cha pili. Nimekuwa nanakili mchoro wangu mwenyewe, mpaka makosa.

Na nikamwita mwenzangu mwizi.

Umemkariri. Mwalimu alinieleza kabisa, nikanuna.

Kuhusu Sabuni bado nina hasira na wote wa nyumbani. Nimewaambia. Baba kasema, "Una haki." Hilo sikulitegemea, likanimaliza nguvu. Nikapanda gari la mchana.

Nimefika Mwisenge saa kumi, moja kwa moja nyumbani kwa mwalimu. Alikuwa anamwagilia mchicha. Nimesema yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza huku maji yanajaa tuta moja tu.

"Ule uzi," akasema, "niliudondosha mimi. Huwaga napitia madaftari yote jioni. Nikautafuta chini sikuuona. Nikaacha, nikadhani umechomoka tu kwenye kanga." Kisha akasema, "Na mimi nilikosea. Nilipaswa kuuliza Bunda wapi, kwa nani. Nilikuacha useme kwa sababu ulisema vizuri."

Akaleta bahasha na ule ukurasa wa droo, alikuwa amekuja nao nyumbani. Aliuingiza wa Rehema. Nikamwomba autoe wa kwangu. Akauliza kama nina hakika, ni mchoro safi. Nikasema ndiyo, ni safi, ila huyo ng'ombe hayupo. Niliushika mkononi mpaka Kamunyonge. Sijauchana. Niliutaka sana ule ukurasa, na bado nautaka.

Jumanne, 26 Agosti

Nimempigia Rehema mara tano. Hapokei. Nimeandika ujumbe mrefu, nikaufuta, nikaandika mfupi: nimekosea, ng'ombe uliyemwona ndiye, nisamehe.

Jibu limekuja jioni. "Ulisema mbele ya watu."

Tu.

Nilianza kukasirika, kwa mazoea. Anataka nini zaidi, nipige magoti? Nikaisoma tena. Anasema kweli. Siwezi kumwita mtu mwizi darasani halafu nikamsafisha kwa simu.

Alhamisi, 28 Agosti

Mwalimu kamwita, kaja. Kakaa karibu na mlango, kitambaa cha penseli hajakifungua.

Nikasimama mahali pale pale. Safari hii sikufanya mazoezi, na ilionekana. Nikasema Rehema hakuiba. Nikasema ng'ombe wetu alipelekwa Bunda kwa mahari, sikuambiwa, na Rehema alimchora kama alivyo. Nikaonyesha picha ya Krismasi. Simu ikazunguka meza kwa meza. Baraka akaivuta picha ikawa kubwa, akaniangalia, akasema, "Lakini umeishika kabisa." Watu wakacheka. Niliwaacha wacheke. Nikaeleza na mtego wa kata tatu, hilo hakuna aliyekuwa analijua, na ndilo lililonipa aibu kuliko yote.

Rehema hakusema nimekusamehe. Alifungua kitambaa, akachagua penseli, akaanza kuichonga. Wakati wa kutoka akasema bila kunitazama, "Jumamosi tunapeleka nguo za harusi kwa wakwe wa kaka yako. Ukitaka kumwona, uwahi dukani kwa baba saa tatu."

Mwanza bado hawajajibu.

Jumamosi, 30 Agosti. Bunda

Saa tatu kasoro nilikuwa mlangoni. Baba yake Rehema kanipa kiti, kanipa chai ya tangawizi, hakugusia chochote. Sijui kama anajua. Nilimtazama sana nikitafuta kama anajua, halafu nikaacha.

Tukaenda na bodaboda mbili, nguo zimefungwa kwenye shuka. Njiani mashamba yameshavunwa, vipamba vimeshikilia miiba ya ua. Kwa wakwe nimepokewa kama wifi, soda juu ya stuli, watu wananikagua. Rehema akaingia ndani na kina shangazi kuwajaribisha. Mimi nikaomba kwenda zizini.

Alikuwa kivulini, anacheua. Amekonda kidogo. Nikaita Sabuni. Hakugeuka. Nikaita tena. Watoto wa pale wakaniambia haitwi hivyo, anaitwa Kipembe. Walimpa jina siku aliyofika, walipomwona tu.

Mzee wa boma akaja kusimama nami. Nikaona sikio. Kata tatu. Ya tatu bado mbichi, imepakwa majivu. "Mbili za kwenu, moja ya kwetu," akasema. "Akipotea sasa analetwa hapa." Nikaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimebeba kadibodi. Nikapitisha penseli, nikakaa juu ya debe, nikaanza kwenye pua. Ana makunyanzi juu ya jicho ambayo sikuwahi kuyaona. Mkia una nywele chache. Pembe ya kulia imepanda, ya kushoto imekwenda nje kidogo kwanza, ndipo ikalala, kwenye ncha ina rangi ya chai. Nzi walikuwa wengi. Alilia mara moja tu, kichwa kimeelekea barabarani, na mimi mkono haukusimama.

Rehema akaja akaketi kwenye jiwe na gauni moja magotini, anapunguza pindo. Nikamjibu lile swali lake la kilio: wiki mbili, wengine mwezi. Akafikiri kidogo, akasema basi karibu ataacha.

Nilipomaliza nikampa kadibodi na karatasi pamoja, aitoe yeye. Miguu haikukutana na mwili. Tumbo limekwenda upande. Sikio lina kata tatu na pembe ya kushoto imelala mahali pake. Akaitazama mpaka nikaanza kuhesabu nzi.

"Sawa," akasema, akanirudishia, akakata uzi kwa meno.

Sikuchungulia hata mara moja.